Shilingi 20 Kando ya Kaburi

Somo: Hesabu 35:31

Mimi nilisomea biashara, kwa hivyo nikiona orodha ya bei lazima nisimame niisome. Wiki hii nimepata moja iliyonikosesha usingizi. Ni sheria ya Æthelberht, mfalme wa Kent, kusini-mashariki mwa Uingereza, ya yapata mwaka 600. Mfalme huyu aliokoka kupitia mahubiri ya Augustine, mmishonari aliyetumwa kutoka Roma akafika kwake mwaka 597.

Ukimng'oa mtu jino la mbele, unalipa shilingi 6. Sikio, 12. Kidole gumba, 20, na ukucha wake peke yake, 3. Jicho, 50. Uhai wa mtu huru wa kawaida, 100. (Usifikirie shilingi yetu ya mfukoni, hiyo ilihesabiwa kwa dhahabu.) Mali ya kanisa ikiibwa inarudishwa mara 12, ya kasisi mara 9, sawa na ya mfalme! Shemasi mara 6. Sisi wachungaji wasaidizi hatukutajwa.

Unaweza kucheka, lakini fikiria kijiji kisicho na polisi wala jela. Ndugu yako ameuawa. Desturi inakudai ulipize kisasi, na ukilipiza, jamaa za yule nao watakuja kwako. Watoto wanarithi vita wasivyovianzisha. Sasa sheria inasema muuaji alete shilingi 20 kaburi likiwa bado wazi, na deni lote liishe ndani ya siku 40. Akitoroka nchi, jamaa zake wanalipa nusu. Kwa hivyo ukoo mzima ulikuwa kama wadhamini wa mkopo wa sacco: kila mmoja alikuwa na sababu ya kumshika mkono kijana wao kabla hajainua kisu. Hapo nampa mfalme heko.

Lakini soma Hesabu 35:31. Mungu anakataza kupokea fidia kwa uhai wa muuaji anayestahili kufa. Tena kule Kent bei hazikuwa sawa: kulikuwa na watu wa chini, wasio watumwa wala huru kabisa, na wa daraja la mwisho kati yao thamani yake ilikuwa 40. Hilo linanisumbua kuliko zile 100.

Jumatano kwenye ushirika wa nyumbani tujadili hili: kama aliye kaburini ni ndugu yako, na muuaji amesimama pale na zile 20 mkononi, ungezipokea?