Ukioa ng'ambo ya Mto Kagera, shughulikia karatasi mapema

Mahari ikishapokelewa na bibi harusi akavuka daraja kutoka Kikagati kuja Murongo, familia nyingi huona mambo yamekwisha. Kwa wazee yamekwisha. Kwa Uhamiaji hayajaanza. Ndoa na Mtanzania haimfanyi mtu kuwa raia, hata awe amezaa watoto wote hapa Kyerwa na kijiji kizima kinamwita mama fulani.

Nalisema hili kwa uzito kwa sababu mkoa wetu umeshaona gharama yake. Julai 2013 Rais Jakaya Kikwete, akiwa ziarani Kagera, aliwapa wahamiaji wasio na vibali wiki mbili waondoke. Septemba ikafuata Operesheni Kimbunga ya kuwasaka waliobaki katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Wapo waliokuwa wameishi huku miaka mingi, wakaondoka na kuacha wenzi wao, watoto, ng'ombe na migomba.

Tuanze na mpaka. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, inayotumika tangu 1 Julai 2010, inampa raia wa Uganda, Rwanda au Burundi nafasi ya kuingia Tanzania bila viza na kukaa hadi miezi sita. Haki hiyo ipo, lakini inaanzia kwenye muhuri. Aliyevuka mto usiku kwa mtumbwi hana tarehe ya kuingia, na mbele ya sheria ameingia isivyo halali ingawa mlangoni angeruhusiwa bure. Jambo jingine linalowaponza wengi: Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana kutumia vitambulisho vya taifa kuvuka mipaka yao tangu 2014, na Tanzania haimo katika mpango huo. Kwa hiyo shemeji yako wa Uganda aje na pasipoti au hati ya dharura ya safari. Nawe ukienda kwao, fanya hivyo hivyo. Barua ya mtendaji wa kijiji ina kazi nyingi, lakini si hati ya kusafiria.

Sasa mke. Kwanza, ndoa iwe na cheti. Ndoa ya kimila inatambuliwa na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, na sheria hiyo inataka isajiliwe ndani ya siku 30. Kutoisajili hakuibatilishi, ila utathibitishaje ndoa mbele ya afisa ambaye hakuwepo siku ya mahari? Cheti kikipatikana, mume amwombee mkewe hati ya utegemezi ili aishi nchini kihalali. Hati hiyo si ruhusa ya kuajiriwa; akitaka kazi, anahitaji kibali cha kazi.

Njia ya kudumu ni uraia. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 inamruhusu mwanamke aliyeolewa na raia kuomba uraia wakati wowote mumewe akiwa hai. Maneno hayo ya mwisho yasomeni mara mbili. Mume akifariki kabla ombi halijapelekwa, mlango huo unafungwa, na mjane anabaki kufuata masharti ya mgeni mwingine yeyote: kukaa nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na katika miaka 10 iliyotangulia miezi hiyo awe amekaa jumla ya miaka 7, pamoja na kujua Kiswahili au Kiingereza na kuwa na mwenendo mwema.

Mwanamume wa kigeni aliyemwoa binti wa Karagwe hana njia hiyo fupi kabisa. Naona huu ni ubaguzi dhidi ya mabinti zetu, na wabunge wetu wanapaswa kuulizwa kuhusu jambo hili. Watoto wa ndoa hizi wachukuliwe vyeti vya kuzaliwa mara moja. Tanzania haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, hivyo mtoto mwenye uraia wa pande zote atalazimika kuchagua atakapokuwa mtu mzima.

Wenye mashamba ya kahawa na migomba, mgeni unayemwajiri anahitaji kibali cha kazi na kibali cha ukaazi daraja B, na mwajiri ndiye anayeviomba. Muhuri wa miezi sita hautoshi. Usimuuzie shamba pia: Sheria ya Ardhi haimruhusu asiye raia kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa uwekezaji, na Itifaki yenyewe imeacha suala la ardhi kwenye sheria za kila nchi.

Na wewe raia unayeambiwa si raia? Kuongea Kinyambo, Kinyankole au Kinyarwanda si ushahidi wa ugeni, wala sura yako. Katika kesi ya Anudo Ochieng Anudo dhidi ya Tanzania, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua 22 Machi 2018 kwamba nchi yetu ilimnyima uraia kiholela mtu aliyefukuzwa hadi Kenya, Kenya nayo ikamkataa, akabaki akiishi katikati ya mpaka wa Sirari. Mahakama ilisema kwamba kwa kuwa serikali ndiyo iliyopinga uraia wake, ilikuwa juu yake kuthibitisha madai hayo.

Ukikamatwa, uliza kosa lako, omba ndugu na wakili wajulishwe, usitie saini usichokielewa. Asiye na uwezo anaweza kuomba msaada wa bure chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Nyumbani weka pamoja vyeti vya kuzaliwa vyako na vya wazazi, kadi ya kliniki, cheti cha shule ya msingi na kitambulisho cha NIDA.

Malipo yote yafanywe kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya Serikali, na risiti uitunze. Kishoka anayekuomba fedha mkononi pale Omurushaka hana kibali cha kukupa. Kama muhuri wa mwenzi wako unaisha mwezi ujao, nendeni wote wawili ofisi ya Uhamiaji ya wilaya wiki hii.