Kupenda na Kutopenda kwa Kihispania: Anzia Dukani Kwako

Wadogo zangu, leo nazungumza na nyinyi mnaojifunza Kihispania. Mpo mnaowatembeza wageni mitaa ya Kariakoo, mpo mnaotafuta kazi za hoteli Zanzibar, na yupo binti wa vitenge Mtaa wa Kongo ambaye salamu na kuhesabu anajua vizuri, ila akitaka kusema anapenda kitu ulimi unagoma. Alifundishwa kwamba "me gusta" ni "I like" ya Kiingereza, yaani "napenda". Kesho yake akasikia "me gustan", keshokutwa "le gusta", akaona bora aache.

Usiache, mdogo wangu. Kinachokukwamisha ni kupitia Kiingereza kwanza, na wala huna haja nacho hapa. Msikilize mteja wako. Anashika kitenge, anakigeuza mbele na nyuma, anakitupia begani, anajitazama kwenye kioo, kisha anasema: "Hiki kimenipendeza." Akipenda viwili, atasema: "Hivi vimenipendeza." Kitenge ndicho kinachopendeza, mteja anapendezwa tu. Kihispania kinakwenda hivyo hivyo. Kitambaa kimoja: "me gusta esta tela". Vingi: "me gustan estas telas". Ile "-ni-" iliyomo ndani ya "kimenipendeza" ndiyo "me" yao. Kinakupendeza, "te gusta". Kinampendeza, "le gusta". Kinatupendeza, "nos gusta". Ukitaja jambo unalopenda kufanya, hata yakiwa mawili, unabaki na "gusta": "me gusta cocinar y bailar", napenda kupika na kucheza muziki.

Kuna kineno kimoja Waswahili tunakiangusha sana kwa sababu kwetu hakipo. Husemi "me gustan mangos". Unasema "me gustan los mangos", na kineno chenyewe ni hicho "los". Kishikeni pamoja na jina lake tangu siku ya kwanza. Matamshi yasiwape hofu, maana irabu zao ni zetu zilezile tano, a, e, i, o, u.

Kukataa ni rahisi. Tanguliza "no": "no me gusta". Kama hukipendi hata kidogo, "no me gusta nada". Kama kitu umekipenda mno, "me encanta", na hapo usiongeze "mucho", neno limeshajaa. "Odio" ni nachukia. Liwekeni mbali na meza ya mtu aliyewakaribisha chakula. "No me gusta mucho", sikipendi sana, inatosha na ina adabu.

Mteja naye akikuambia "no me gusta el color", usinune. Amekwambia rangi ndiyo tatizo, kwa hiyo bei na kitambaa bado vina nafasi. Toa kingine umuulize: "¿Y esta, le gusta?" Kwa mtu mzima usiyemfahamu tumieni "le", ndiyo heshima yenyewe. "Te" ni ya rika na mliozoeana.

Sasa hapa nisikilizeni kwa makini, mabinti na vijana wote. Sisi tunampenda mama, tunapenda wali wa nazi, tunampenda mchumba, yote kwa neno moja. Wao wanagawa. Ukimwangalia mtu ukamwambia "me gustas", umemwambia amekuvutia kimapenzi. Mwongozaji anayetaka tu kumsifu mgeni mchangamfu anaweza kujiletea mambo ambayo hakuyakusudia. Mtu mnayeelewana naye mwambie "me caes bien". Unayesifu kazi yake, "me gusta cómo trabajas". Mama yako ni "quiero a mi madre". Na mgeni akikuambia wewe "me gustas", ujue hazungumzii kitenge. Kama hutaki, hudaiwi maelezo. "No, gracias" ni jibu kamili, hata kama bado hajalipia mzigo wake.

Mazoezi mnayo hapo hapo mtaani. Simba iliwahi kufundishwa na Mhispania, Pablo Franco, aliyekuja mwaka 2021. Yanga ikamchukua Muargentina Miguel Gamondi mwaka 2023, na msimu wa 2023/24 akabeba ubingwa wa ligi. Lugha hii si ngeni Msimbazi wala Jangwani. Basi mmoja aanze: "Me gusta el Simba." Anayekubaliana naye ajibu "a mí también", asiyekubali aseme "a mí no". Akija mwingine na "no me gusta el Yanga", anayemuunga mkono hasemi "también" tena, anasema "a mí tampoco", na Mwananchi, yaani shabiki wa Yanga, atajibu "a mí sí". Wengi hapa hukosea wakasema "yo también". Kumbuka kitu ndicho kinachokupendeza, kwa hiyo wewe ni "a mí". Ukitaka kutangaza timu yako moja kwa moja, "soy del Yanga", mimi ni Yanga.

Kesho ukipanga bidhaa asubuhi, taja kila unachokiweka mezani kwa sauti, unachokipenda na usichokipenda, kimoja na vingi. Msione aibu majirani wakiwasikia, wafundisheni na wao. Mkikwama, niandikieni, nitajibu hapa hapa.