SOMO LA AFYA: KIDOTI KISICHO CHEUSI

Wengi wetu tumezoea kidoti cheusi au cha kahawia. Vipo pia vichache vyenye rangi hafifu, na hivyo huwachanganya watu. Tujifunze pamoja.

Kidoti ni nini?
Ngozi ina chembe zinazotengeneza rangi. Zikikusanyika mahali pamoja, tunaona kidoti. Zikikusanyika chini zaidi ndani ya ngozi, kidoti huonekana cha bluu. Mara chache chembe hizo za chini huwa na rangi kidogo sana. Hapo hutokea kiuvimbe kidogo, kigumu, kilichopauka kama kovu. Hiyo si saratani.

Basi kwa nini tujali?
Kwa sababu ipo pia saratani ya ngozi isiyo na rangi nyeusi, na macho peke yake hayatoshi kuzitofautisha. Daktari hukiondoa kiuvimbe na kukipeleka kupimwa kwa hadubini.

Ndugu zetu wenye ualbino wawe waangalifu zaidi, maana vidoti vyao mara nyingi ni vya waridi au vimepauka. Miji ya Mbeya na Iringa iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Baridi yetu hudanganya: mionzi ya jua huku juu ni mikali. Kofia pana na mikono mirefu ni kinga.

Kwa sisi wenye ngozi nyeusi, saratani ya chembe za rangi hupenda unyayo na chini ya kucha. Mkulima anaweza kudhani amechomwa na mwiba, akakaa nayo miezi.

Nenda kituo cha afya iwapo:
1. Kidoti kinakua au kubadilika umbo au rangi.
2. Kinatoa damu au kuwasha.
3. Kidonda hakijapona kwa wiki 4.

Usikikate kwa wembe wala kukichoma kwa dawa. Ukifanya hivyo unapoteza muda, na mpimaji hukosa cha kupima. Ikibidi, omba rufaa, kwa mfano Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya.

Maswali ya kikundi
1. Nani kati yetu hukagua nyayo zake?
2. Someni 1 Samweli 16:7. Je, tunawahukumu watu kwa ngozi zao?
3. Tutamsaidiaje jirani asiye na nauli ya kwenda hospitali?