Uanuwai wa Jeni na Hatima ya Hirola: Mfano wa Nyanda za Bura, Garissa

1.0 Utangulizi

Makala hii inajadili uhusiano uliopo baina ya uanuwai wa jeni na uhifadhi wa wanyama waliosalia wachache, kwa kumrejelea hirola, swala wa nyanda za Bura. Bura inayokusudiwa ni ile iliyo mashariki ya mto Tana, katika Garissa, wala si ile ya mradi wa umwagiliaji iliyo ng'ambo ya magharibi. Hirola ni jamaa ya kongoni na nyamera, naye hutambulika kwa mstari mweupe unaopita baina ya macho yake. Ndiye pekee aliyesalia katika jenasi yake, Beatragus. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba kuhesabu vichwa hakutoshi. Kundi laweza kuongezeka kwa idadi huku likifukarika kwa urithi.

2.0 Ufafanuzi wa Dhana

Jeni ni maelekezo ya urithi ambayo mzazi humpokeza mwana. Jeni moja huweza kuwa na sura mbalimbali, na sura hizo huitwa aleli. Uanuwai wa jeni, basi, ni wingi wa aleli zilizomo katika kundi zima. Faida yake huonekana maradhi au ukame unapozuka: pakiwa na aleli nyingi, yamkini baadhi ya wanyama watakuwa na uwezo wa kustahimili. Kundi likiwa dogo, aleli hupotea kwa bahati nasibu tu, kwa kuwa si kila mnyama huacha kizazi. Aidha, ndugu huzaana na ndugu, na kasoro zilizokuwa zimefichika hujitokeza.

Ikumbukwe pia kwamba si kila mnyama anayehesabiwa huchangia urithi. Miongoni mwa hirola, dume mmoja mwenye himaya huandamana na majike kadhaa, na madume wengine hukosa nafasi. Tuchukue kundi la kubuni lenye madume 5 wanaozalisha na majike 35. Wataalamu huzidisha idadi hizo mbili, wakazidisha tena kwa 4, kisha wakagawanya kwa jumla ya wazazi. Jawabu ni 17.5. Yaani, kwa upande wa urithi, wazazi 40 wana uzito wa takriban 18 tu.

3.0 Historia ya Kupungua

Katika miaka ya 1970 hirola walikadiriwa kuwa zaidi ya 10,000. Hifadhi ya Arawale ilianzishwa mwaka 1974 kwa ajili yao. Miaka ya 1980 sotoka, maradhi yaliyotangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011, iliwaangamiza kwa wingi. Ukame, uwindaji na kuenea kwa vichaka mahali palipokuwa na nyasi viliendeleza maangamizi hayo. Sasa hukadiriwa kuwa hawazidi 500. Walionusurika walibeba sehemu tu ya aleli za mababu zao.

Mwaka 1963, na tena mwaka 1996, baadhi yao walihamishiwa Tsavo Mashariki. Kundi hilo lilitokana na waanzilishi wachache, na halijapata kuwa kubwa. Mwaka 2012, wanyama 48 walitiwa ndani ya ua wa hifadhi ya jamii ya Ishaqbini, Ijara, ili kuwakinga na wanyama wala nyama. Kundi hilo liliongezeka likapita 100. Hayo ni mafanikio ya kweli. Hata hivyo, wote waliozaliwa humo ni wazao wa wale 48. Idadi iliongezeka, aleli mpya hazikuingia.

4.0 Athari kwa Uhifadhi

Huko Florida, Marekani, puma walikuwa wamebaki wachache mno, wenye kasoro za moyo na za uzazi. Mwaka 1995 waliletwa majike 8 kutoka Texas, na kundi likaimarika. Hirola hana Texas yake. Hakuna nchi nyingine yenye akiba kubwa ya kuazima. Makundi ya Bura, Ijara na Tsavo ndiyo akiba yenyewe. Wahenga walisema akiba haiozi, lakini akiba ya jeni huoza ikifungiwa.

Mambo matatu yanafuata. Kwanza, njia za malisho baina ya Bura na Ijara ziachwe wazi ili makundi yachanganyike. Pili, nasaba za wanyama walio ndani ya ua zichunguzwe, na wachache wabadilishwe kwa mpango. Tatu, pasihamishwe mnyama bila ridhaa ya wenyeji. Mwaka 1996 wakazi wa Garissa walikwenda Mahakama Kuu kupinga hirola wao kuchukuliwa, na Mahakama ikaridhia kuwa wajibu wa Shirika la Wanyamapori, KWS, ni kuwahifadhi wanyama katika mazingira yao ya asili.

5.0 Hitimisho

Makala imeonyesha kwamba uhai wa hirola hutegemea tofauti zilizomo ndani ya kundi sawa na unavyotegemea ukubwa wa kundi. Wafugaji wa Bura, ambao huazima fahali wa jirani ili damu ya mifugo yao isirudiane, hawana haja ya kufundishwa msingi wa jambo hili. Kinachohitajika ni wataalamu kuwaeleza matokeo ya uchunguzi wao kwa lugha wanayoielewa, kabla uamuzi haujafanywa. Hirola akitoweka, jenasi nzima itakuwa imetoweka duniani.