FAHAMU HAKI YAKO: Kamera za Polisi na Faragha ya Mkazi

Mradi wa mawasiliano ya polisi uliokabidhiwa Safaricom mwaka 2014 ulihusisha kufunga kamera 1,800 za usalama Nairobi na Mombasa. Kamera husaidia kuwanasa wahalifu. Hata hivyo, kamera haichagui: humrekodi mwizi pamoja na mama anayeenda sokoni, mgonjwa anayeingia kliniki na kijana aliye katika maandamano ya amani. Ikiunganishwa na programu ya kutambua nyuso au nambari za magari, inaweza kuonyesha ulikoenda na uliyekutana naye.

Sheria inasemaje?

Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya faragha. Chini ya Sheria ya Kulinda Data ya 2019, una haki ya kuelezwa jinsi data yako inavyotumiwa, kuiona, kupinga matumizi yake na kutaka makosa yarekebishwe.

Pengo liko wapi?

Kifungu cha 51 cha sheria hiyo kinatoa msamaha pale data inapohitajika kwa usalama wa taifa au maslahi ya umma. Maneno hayo ni mapana, na kifungu chenyewe hakiyawekei mipaka. Hapo ndipo mwananchi anaweza kunyimwa majibu. Lakini msamaha huo si ruhusa ya kufanya lolote. Kifungu hicho hicho kinasema data bado lazima ishughulikiwe kihalali, isizidi inayohitajika, iwe sahihi na ilindwe.

Serikali nayo huwajibishwa. Oktoba 2021, Mahakama Kuu ilibatilisha utoaji wa Huduma Card kwa sababu tathmini ya athari kwa ulinzi wa data haikufanywa kwanza.

Ufanye nini?

• Kamera zinapopangwa kufungwa mtaani, uliza kwenye baraza au kikao cha maoni ya umma: Nani atatazama picha? Zitahifadhiwa kwa muda gani? Je, tathmini ya athari imefanywa?

• Data yako ikitumiwa vibaya, wasilisha malalamishi kwa Kamishna wa Kulinda Data. Unaweza kulalamika kwa maandishi au kwa mdomo, na uchunguzi unafaa kukamilika ndani ya siku 90.

Kuuliza maswali haya si kuwapinga polisi. Mkazi anayejua picha zake ziko mikononi mwa nani hana sababu ya kuiogopa kamera.