MAMA ANAPOACHA KUONA MWEZI

Katika vikundi tunavyotembelea, akina mama huongea wazi juu ya mbuzi, maji na mikopo. Mazungumzo yakifika hapa, sauti hushuka. Wengine hudhani wamerogwa. Basi leo tuelezane.

Kwa walio wengi, mwezi hukoma kati ya miaka 45 na 55. Hausimami siku moja. Huruka-ruka, mara umekuja mapema, mara umepotea miezi mitatu. Wakati huo mimba bado inaweza kuingia! Hesabu miezi 12 mfululizo bila damu ndipo useme umekoma.

Homoni iitwayo estrojeni hupungua, ndiyo maana joto la ghafla hupanda kifuani hadi usoni, jasho hutoka usiku, usingizi hukatika na hasira huwa karibu. Si uchawi wala kichaa. Vaa nguo nyepesi, jifunike leso badala ya blanketi zito, punguza chai ya jioni. Omena, maziwa na mboga za kienyeji husaidia mifupa, ambayo sasa huanza kupungua nguvu. Joto likizidi hata jembe halishikiki, ziko dawa hospitalini, ila si kila mama anafaa kuzitumia, kwa hivyo daktari atakuuliza maswali kwanza.

La chumbani nalo tuliseme. Uke huwa mkavu na tendo huuma. Mama anakwepa, baba anafikiri amechukiwa, na kumbe jeli ya kulainisha inauzwa katika duka la dawa. Wazee, hilo ni lenu pia.

Sasa sikilizeni vizuri. Miezi 12 ikishapita, damu ikitoka tena, hata tone, usishangilie kwamba ujana umerudi. Usingoje mavuno. Mara nyingi sababu ni ndogo, lakini inaweza kuwa saratani ya mfuko wa uzazi au ya mlango wake, na ikigunduliwa mapema hutibika. Nenda kituo cha afya useme hivi: "Nilikuwa nimekoma, na sasa damu imetoka." Ukipewa tembe za maumivu tu bila kupimwa, omba upelekwe hospitali kubwa.

Maswali ya kikundi:
1. Katika kijiji chetu, damu ikirudi watu husemaje?
2. Mama akikosa nauli ya kwenda kupimwa, mfuko wa kikundi utamsaidiaje, na nani atamsindikiza?