Anakesha na vitabu, alama zinashuka

Swali: Mzazi wa Kashaulili, Mpanda, anauliza: kijana wake wa kidato cha nne hukesha akisoma hadi saa nane usiku. Mbona anafeli?

Jibu: Wa kwanza kushukiwa ni usingizi. Wataalamu wa tiba ya usingizi wa Marekani walishauri mwaka 2016 kuwa wenye miaka 13 hadi 18 walale kwa muda wa saa 8 hadi 10. Huyu, akiamshwa saa kumi na moja alfajiri, amelala saa tatu tu! Ubongo huimarisha yaliyosomwa mtu akiwa usingizini. Anayekesha anateka maji kwa pakacha.

Na simu je? Mara nyingi daftari liko wazi, macho yako WhatsApp. Ilale chumbani kwa wazazi.

Asubuhi anywe uji wenye karanga kabla ya kutoka. Hesabu haziingii tumbo likinguruma.